Namna ya Kutumia Dawa ya Kulainisha Makohozi

Dawa ya kulainisha makohozi haizuii kikohozi. Kazi yake ni kuvunja vifungo vinavyoyafanya makohozi yawe mazito na kunata kifuani, ili mgonjwa aweze kuyatoa mwenyewe kwa kukohoa. Kwa sababu hiyo haifai kuitumia pamoja na dawa ya kutuliza kikohozi, kwani makohozi yaliyokwisha kulainika yatabaki ndani.

Tuchukue mfano wa asetilisisteini ya vidonge vya kuyeyusha. Tumbukiza kidonge katika glasi ya maji, subiri kiyeyuke chote, kisha unywe papo hapo, usikimeze kikavu. Harufu kama ya yai viza itakayokupiga puani unapofungua pakiti inatokana na salfa iliyomo, wala si lazima iwe dalili kwamba dawa imeharibika. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni miligramu 600 kwa siku, ingawa cha kufuata ni kile alichokuandikia daktari au mfamasia. Ni vyema dozi ya mwisho inywewe alasiri, si wakati wa kulala, ili upate muda wa kukohoa ukiwa umeketi.

Mwenye pumu au vidonda vya tumbo aseme kabla ya kuuziwa, kwa kuwa dawa hii inaweza kumbana kifua wa kwanza na kumchokoza tumbo wa pili. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe. Kikohozi kikifikisha wiki 2, au makohozi yakiwa na damu, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu.