Namna ya Kuandaa Somo kuhusu Wafiadini wa Marrakesh

Katekista anayetaka kuadhimisha sikukuu yao ya Januari 16 pamoja na Jumuiya Ndogo Ndogo yake aanze na safari ya wafiadini hao kabla ya kufika kwenye kifo chao. Andika ubaoni majina matano: Berard, Peter, Otto, Accursius na Adjutus. Kisha onyesha kwenye ramani njia ya watawa hao waliotumwa na Fransisko wa Asizi mwaka 1219, kutoka Italia hadi Coimbra nchini Ureno, walikopokelewa na Malkia Urraca, kisha Sevilla iliyokuwa chini ya Waalmohadi, watawala Waislamu wa Moroko na kusini mwa Hispania, na hatimaye Marrakesh nchini Moroko, walikouawa mwaka 1220.

Ukifika Marrakesh, usiharakishe. Eleza kwamba walipokewa na Pedro, ndugu wa mfalme wa Ureno, Mkristo aliyekuwa akimtumikia khalifa pamoja na askari Wakristo. Hivyo kuwa Mkristo peke yake hakukuwa sababu ya kuuawa mjini humo. Kilichowaletea hukumu ni kuhubiri hadharani dhidi ya Uislamu na dhidi ya Mtume Muhammad, na simulizi lenyewe la kifo chao linakiri kwamba waliondolewa mjini zaidi ya mara moja, lakini wakarudi na kuhubiri tena. Wasikilizaji, hasa wale wenye wajomba na shemeji Waislamu, wana haki ya kuyasikia haya bila kufichwa.

Tenganisha pia tukio na mapambo yake. Simulizi refu lenye miujiza mingi limo katika kumbukumbu za shirika la Wafransisko zilizokusanywa karne ya 14, kwa hiyo panapotajwa muujiza sema "inasimuliwa", wala usilisome kana kwamba liliandikwa siku ile ile.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi, kwa maoni yangu, ni kulinganisha. Mwaka ule ule wa 1219, katikati ya Vita vya Msalaba, Fransisko mwenyewe alimwendea Sultani al-Kamil karibu na Damietta nchini Misri, akasikilizwa, akarudi salama. Kanuni ya maisha ya shirika lake ya mwaka 1221, katika sura ya 16, inawapa watawa njia mbili za kuishi kati ya Waislamu: kwanza, wasigombane wala kubishana, bali wanyenyekee kwa kila mtu kwa ajili ya Mungu huku wakikiri kuwa ni Wakristo, pili, wahubiri Neno watakapoona kuwa ndivyo inavyompendeza Mungu. Soma sura hiyo kwa sauti, kisha waulize wanajumuiya ni njia ipi waliyoifuata wale watano, na uwaache wajibu wenyewe.

Malizia Coimbra, kwenye Monasteri ya Santa Cruz, ambako masalia yao yalipelekwa. Kijana mmoja mtawa aliyefuata Kanuni ya Mtakatifu Augustino, Fernando, aliguswa na habari zao hata akahamia kwa Wafransisko akitamani kufa kama wao, akavuka hadi Moroko, akaugua, ikambidi kurudi, na meli yake ikasukumwa na upepo hadi Sicilia. Ndiye Antoni wa Padua, ambaye sanamu yake imesimama katika parokia nyingi za kwetu.