Uji wa shule kutoka mavuno hadi mavuno: mwongozo kwa kamati za vijiji Dodoma

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha wanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi. Vijiji vingi vya Chamwino, Bahi au Kongwa vina nafaka ya kutosha uji Juni, lakini Februari sufuria zimefunikwa. Mara nyingi tatizo huwa hesabu na stoo, si jiko.

Hatua ya 1: Hesabu, Aprili au Mei

Mtoto mmoja anahitaji gramu 50 za unga kwa siku. Mwaka una siku 194 za masomo. Shule ya wanafunzi 400 itatumia kilo 20 kwa siku, yaani kilo 3,880 kwa mwaka. Ongeza asilimia 5 ya uchafu na upotevu mashineni: kilo 4,074, karibu magunia 41 ya kilo 100.

Ukigawanya sawa, kila mtoto anadaiwa kilo 10 na kidogo. Msikubaliane kilo 10, wekeni 12. Wazazi wa watoto 60 wakishindwa, wale wa watoto 340 bado wataleta kilo 4,080. Mtoto wa kaya iliyoshindwa anakunywa uji kama wenzake, harudishwi nyumbani. Mzazi wake alete kuni au achote maji. Hili lipitishwe kwenye mkutano wa kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari, la sivyo kila mwenyekiti wa kitongoji atakuwa na sheria yake.

Hatua ya 2: Kupokea, Juni na Julai

Pokeeni nafaka, si ahadi ya pesa. Huku mvua ni msimu mmoja, na mzazi mwenye mtama Juni huenda Oktoba hana kitu. Tumieni mizani. Debe huleta ugomvi: mmoja analijaza kichuguu, mwingine analifuta kwa mkono.

Mtama mweupe unafaa sana kwa uji na unastahimili ukame kuliko mahindi (ndege aina ya kwelea kwelea nao wanaupenda).

Hatua ya 3: Ukavu

Hapa msilegeze hata kidogo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemshwa. Kuvu huota kwenye nafaka yenye unyevu au iliyoanikwa chini kwenye udongo.

Pima kwa chumvi. Kaanga chumvi mpaka ikauke kabisa, iache ipoe. Tia vijiko vitatu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza punje mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka irudi juani, juu ya turubai. Isipoganda, bado msiharakishe: kipimo hiki hunasa unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, ilhali kiwango salama cha mahindi ni 13.5. Anikeni siku moja zaidi.

Pepeteni na kuchambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi ya ajabu. Zifukiwe, kuku wasipewe. Karanga msizisage pamoja na unga wa akiba, kwani ndizo zinazoshika sumukuvu upesi.

Hatua ya 4: Stoo

Mifuko ya tabaka tatu huua dumuzi kwa kumkosesha hewa, bila dawa. Toa hewa, sokota na funga kila tabaka peke yake. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote, hivyo weka mifuko juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Sageni nafaka ya wiki mbili tu kila mara. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili, mmoja wao mzazi asiye kiongozi.

Hatua ya 5: Jikoni

Kwa watoto 400: unga kilo 20, maji lita 150. Koroga unga kwenye lita 40 za maji baridi. Lita 110 zichemke. Mimina taratibu huku mwingine anakoroga. Uji huwa mzito mapema kabla haujaiva, na hapo ndipo mpishi anapoongeza maji. Asiongeze. Uendelee kuchemka dakika 20, kisha kila mtoto apate kikombe cha mililita 400 hivi. Watoto wanawe kwanza kwenye kibuyu chirizi.

Uji unywewe saa 3, si saa 5. Vipindi vya kusoma na kuhesabu vya darasa la kwanza na la pili vifuate mara baada yake.

Hatua ya 6: Daftari

Mwalimu wa zamu ampe mpishi idadi ya waliofika kabla unga haujapimwa. Waliofika wakiwa 310, unga unaotoka ni kilo 15.5. Daftari la stoo likisema 20 siku hiyo, kamati iulize jioni hiyo hiyo.

Kila mwisho wa mwezi, magunia yaliyobaki yaandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Kama mlianza Julai, Januari shule zikifunguliwa yanapaswa kubaki karibu 20. Yakiwa pungufu, itisheni kikao wiki hiyo na mnunue pengo lote mara moja, kwa sababu nafaka hupanda bei kadiri Machi inavyokaribia.