Somo: Kupima jinsi nzi wa matunda anavyogeuka aonapo mistari inayosogea

Nzi wa matunda (Drosophila melanogaster) akizungukwa na mistari ya wima inayosogea kwenda kulia, naye hugeuka kulia, kwa kuwa mandhari nzima inapozunguka, maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepinda, na hivyo hujirekebisha. Mwaka 1956 Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt waliuchunguza mwitiko wa namna hii kwa mbawakawa anayetembea, na kutokana nao wakaunda modeli ya utambuzi wa mwendo inayotumika hadi leo. Kuupata mwitiko wenyewe si jambo gumu; kazi iko katika kuhakikisha kwamba unachokipima kinatoka kwenye jicho la nzi na si kwenye kifaa chako.

Hatua ya 1: Kuandaa nzi. Chagua majike wa siku 2 hadi 5, ambao ni wakubwa kidogo kuliko madume na hushikika kwa urahisi. Wapoze juu ya bamba la baridi hadi wazubae. Usitumie gesi ya kaboni dioksaidi siku ya jaribio, kwani huweza kuvuruga tabia hata baada ya nzi kuonekana amezinduka.

Hatua ya 2: Kumpachika. Chini ya hadubini, gusisha ncha ya waya mwembamba yenye tone dogo la gundi kwenye mgongo wa kifua chake. Amua mapema iwapo kichwa kitaachwa huru au kitagandishwa, na uwafanyie nzi wote vivyo hivyo, maana nzi anayeweza kugeuza kichwa hupunguza mwenyewe mwendo unaolifikia jicho lake.

Hatua ya 3: Kumsimamisha juu ya mpira. Tumia mpira mwepesi wa povu wenye kipenyo cha milimita 6 hivi, unaoelea juu ya hewa ndani ya kikombe chake. Ukimshusha nzi mno, miguu hutanuka pembeni na mpira hukwama. Ukimwinua mno, huparaza kwa ncha za miguu tu. Mtazame kwa ubavu: anapotembea sawasawa, miguu mitatu hukanyaga huku mitatu mingine ikiinuka, na tumbo haligusi mpira. Niliwahi kupoteza wiki nzima nikiamini kwamba nzi wangu wote wanapenda kushoto, kumbe bomba la hewa lilikuwa limeinama kidogo. Kumbuka pia kwamba nzi akigeuka kulia, mpira huzunguka kushoto, hivyo geuza alama (chanya iwe hasi, hasi iwe chanya) kabla ya kuchora grafu. Kwa kamera inayorekodi mzunguko wa mpira, mulika kwa infraredi, ambayo nzi haioni.

Hatua ya 4: Kuonyesha mistari. Anza na jozi ya mstari mweusi na mweupe yenye upana wa nyuzi 30 kwa pamoja (yaani pembe ionekanayo kutoka alipo nzi), ikisogea nyuzi 30 kwa sekunde. Hapo kila pointi hupitiwa na jozi moja kwa sekunde, yaani hertzi 1. Acha mistari itulie kwa sekunde chache, isogeze, kisha itulize tena, ukibadilisha kulia na kushoto bila mpangilio unaotabirika. Hesabu wastani wa kila nzi kwanza, ndipo upate wastani wa nzi wote. Majaribio 50 ya nzi mmoja bado ni nzi mmoja.

Maswali ya wanachama

Je, skrini ya kawaida ya kompyuta inafaa?
Kwa mistari ya polepole inaweza kukupa mwitiko, lakini mimi singeiamini kwa vipimo vya kasi. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde kwetu huonekana tulivu, ilhali jicho la nzi hufuata mabadiliko ya haraka kuliko hayo. Afadhali paneli za taa ndogo za LED zilizopangwa kwa duara.

Nilipotumia mistari membamba sana, nzi waligeuka kinyume. Nimekosea nyaya?
Pengine hukukosea kitu. Kila jicho lina lenzi ndogo zipatazo 750, na kati ya lenzi na jirani yake pana nyuzi 5 hivi. Jozi ya mistari ikiwa nyembamba kuliko nyuzi 10, lenzi jirani hukosa sampuli za kutosha, na mwendo wa kulia husomeka kama wa kushoto. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo bora cha kifaa: bomba la hewa lililoinama haliwezi kujua upana wa mistari, jicho pekee ndilo linalojua.

Nikipanua jozi hadi nyuzi 60, kasi inayofaa zaidi itabaki ile ile?
Hapana, nayo itaongezeka takriban maradufu. Mwitiko hutegemea zaidi idadi ya jozi zinazopita kwa sekunde kuliko kasi yenyewe, hivyo andika hertzi kwenye mhimili wa grafu yako, kisha uchore tena kwa nyuzi kwa sekunde na ulinganishe. Mikunjo ya grafu ya jozi za upana mbalimbali ikikutana kileleni kwenye grafu ya kwanza na kuachana kwenye ya pili, umepima kama inavyotakiwa.