Jinsi ya kujiandaa kwa wikiendi yako ya kwanza ya mashindano ya upinde ya Zama za Kati

Kila kiangazi huku Marekani, Waswahili wenzangu wakiniona napakia upinde na kilemba garini huniuliza: na mimi naweza kuja? Njoo. Chama kinaitwa Society for Creative Anachronism, kwa kifupi SCA. Kilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, na wanachama wake hukaa mahemani siku mbili tatu wakivaa, wakipika na kushindana kama watu walioishi kabla ya karne ya 17. Wengine huvaa deraya wakapigana kwa panga za henzirani. Mimi nimo kwenye mstari wa upinde, na mwongozo huu ni wa mtu atakayesimama pale kwa mara ya kwanza.

Pesa zako za mwanzo ziende kwenye mishale. Hema utaazima, nguo utaazima, hata upinde utaazima. Mishale isiyolingana na upinde wako itakuharibia wikiendi nzima, na inaweza kukuumiza.

Hatua ya 1: Amua wewe ni nani

Si lazima ujifanye Mwingereza. Mimi huenda kama mfanyabiashara wa Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na ameeleza nguo alizopewa Mogadishu: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba. Kikoi na kanzu ya pamba vitakufikisha karibu kabisa na hapo. Upinde nao si mgeni kwetu: jeshi la Wareno la Francisco de Almeida lilipoivamia Mombasa mwaka 1505, lilipokewa kwa mawe na mishale.

Angalia mikono ya kanzu tu. Mkono mpana hunaswa na upote, yaani kamba ya upinde. Mkono wa kanzu wa upande unaoshika upinde ufunge kwa utepe, kisha vaa kinga ya ngozi juu yake.

Hatua ya 2: Upinde

Pinde za kisasa zenye vigurudumu nchani haziruhusiwi, wala vifaa vya kulengea. Unaotakiwa ni upinde mrefu wa kale, ule uliopinda ncha, au upinde wa mtambo wenye kitako. Anza na nguvu ya ratili 25 hadi 30. Usidanganywe na fahari. Kwenye meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa 1982, zilipatikana pinde 137 nzima, na wataalamu wanakadiria nyingi zilihitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa. Waliozivuta walizoezwa tangu utotoni. Bega lako halijazoezwa.

Kuvisha upote, tumia kamba yake maalumu, usibane upinde mguuni na kuupinda, maana mti hujikunja upande na haunyooki tena. Ukishavisha, weka ngumi tumboni mwa upinde, nyanyua dole gumba. Upote ukigusa ncha ya dole, uko sawa kwa kuanzia.

Halafu sheria moja isiyo na mjadala: usiuvute ukauachia bila mshale. Nguvu yote ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye mti, na mti unaweza kupasuka mikononi mwako.

Hatua ya 3: Mishale

Iwe ya mti au mwanzi, na manyoya ya ndege halisi. Vyembe, yaani vichwa vya mishale, viwe vya kulengea shabaha. Vyembe vipana vya kuwindia hutavikaribia.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Upote ukisukuma mshale, mshale hujipinda, ukauzunguka upinde, ndipo unanyooka hewani. Kwa hiyo ugumu wa mti wake lazima uendane na nguvu ya upinde. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mgumu mno huenda kushoto, na mlaini mno huenda kulia. Watu hujilaumu mwezi mzima kwamba hawajui kulenga, kumbe kosa ni la mti. Mpe muuzaji nguvu ya upinde wako na urefu unaovuta, akuchagulie dazeni moja inayofanana uzito na ugumu. Ipake mistari ya rangi zako. Yangu ina bluu, nyeupe, bluu.

Kagua kila mshale kabla ya kuutumia, na tena kila unapouchomoa. Shika ncha mbili, ukunje taratibu mbali na macho, uzungushe robo, ukunje tena, huku umetega sikio. Mti mzima hukaa kimya. Uliopasuka hutoa kimlio kidogo, kama ganda la kunde kavu likifunguka. Mwaka wangu wa pili mshale uligonga fremu ya shabaha. Niliuchomoa, nikaufuta udongo, nikautia kwenye upote bila kuukagua. Ulivunjika wakati unatoka, na kibanzi cha mwerezi, urefu wa njiti ya kiberiti, kikaingia chini ya dole gumba langu la kushoto. Tangu siku hiyo mshale ukilia nauvunja vipande viwili papo hapo, asije mtu akauokota.

Hatua ya 4: Hema na chakula

Hema la nailoni linakubalika kambi nyingi, ukilifunika kwa shuka au mkeka utapendwa zaidi. Beba sahani ya mbao au udongo, kikombe, kandili, maji mengi, na blanketi la ziada, kwa sababu usiku wa huko huwa na umande hata Julai. Mimi hupika wali na kunde. Basi.

Hatua ya 5: Kwenye mstari

Jumamosi asubuhi msimamizi atakagua upinde na mishale yako. Usimkasirikie akikataa kimoja.

Utakalosikia mara nyingi ni mlio wa "Hold!". Maana yake simama hapo hapo. Mtu yeyote anaweza kuupaza, hata mtoto, na kila anayeusikia huurudia. Kama umevuta, legeza pole pole huku mshale ukielekea shabaha, kisha uondoe. Watu wa pwani tunajua upinde uliovutwa unavyotisha: Fumo Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, mshale ukiwa kwenye upote, na watu wakakaa siku kadhaa wakiogopa kumkaribia.

Shindano la kawaida la kupimia kiwango huwa hivi: mishale 6 kutoka yadi 40, mishale 6 kutoka 30, mishale 6 kutoka 20, halafu sekunde 30 za kurusha kadiri uwezavyo kutoka yadi 20. Shabaha ina upana wa sentimita 60, na duara la katikati lina alama 5. Kwenye hizo sekunde 30 wageni hupapatika. Wewe rusha mishale minne kwa utulivu.

Siri ni mkono unaovuta kufika mahali pamoja kila mara. Mimi huleta kidole cha shahada kwenye kona ya mdomo, nahisi jino chini yake, ndipo naachia. Ukikosea, kosea kwa namna moja. Mishale sita ikikaa pamoja nje ya duara, tayari umejua cha kurekebisha.

Hatua ya 6: Kuchomoa na kutafuta

Subiri ruhusa. Tazama nyuma yako kama hakuna mtu, bana shabaha kwa kiganja, shika mshale karibu na shabaha na uuvute ukiwa umenyooka. Uliopita pembeni huteleza chini ya majani ukalala. Tembea taratibu ukipapasa kwa fimbo, ukianzia mbali kurudi mstarini.

Hatua ya 7: Jumapili

Vua upote kabla ya kufunga mizigo, na usiache upinde kwenye gari lililofungwa juani, gundi yake itaachia. Hema likiwa bichi, litandaze usiku huohuo ufikapo nyumbani, hata kama umechoka, juu ya milango na viti, mpaka likauke.