Kabla hujanunua tripodi, pima kwanza uzito wa kamera yako

Watu wengi wakiingia duka la kamera hapa Kisumu ama kule Nakuru swali la kwanza ni "hii ni pesa ngapi" alafu la pili "inafika urefu gani", ni sawa kuuliza, lakini naomba uanzie kwingine: uzito wa kamera yako na upepo wa mahali unapopiga, juu hivyo vitu viwili ndo vinaamua kama picha itatoka kali ama itatoka na ukungu.

Uzito kwanza. Chukua bodi, lenzi yako nzito kuliko zote, flashi, maiki kama unarekodi video, weka yote kwa mizani pamoja. Kamera ya sensa kubwa ikiwa na lenzi ndefu ya 70-200 f/2.8 inaweza kupita kilo 2. Sasa tafuta tripodi imeandikwa inabeba mara mbili ya hapo ama zaidi, juu ile namba inakwambia tu haitavunjika, haikwambii itatulia. Alafu miguu ina namba yake na kichwa, pale juu kamera inapofungwa, kina yake, fuata ile ndogo.

Upepo nao usiuchukulie poa. Ukiwa Dunga ama Hippo Point, kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, mchana, nchi kavu ikishashika joto upepo unatoka ziwani unakuja kwa nguvu, na pale juu Nakuru, ukingoni mwa kreta ya Menengai, ni hivyo hivyo, tripodi ya miguu myembamba inatetemeka hadi unaona kwa skrini. Kaboni faiba ni nyepesi na inatuliza mtetemo haraka lakini bei yake ni kali, so kwa mtu wa harusi anayeshuka kwa gari na kuweka kamera hapo karibu, aluminiamu nzito inatosha kabisa. Kaboni iachie mwenye anatembea ndani ya msitu wa Kakamega siku nzima na mzigo mgongoni. Hakikisha tu kuna ndoano chini ya nguzo ya katikati, utundike begi lako hapo na liguse chini kidogo lisibembee.

Hiyo nguzo ya katikati ndo inadanganya watu. Muuzaji ataivuta juu kabisa akwambie inafika mita 1.7, mwambie airudishe chini, ufungue miguu yote, uweke kamera, uone kama inakufikia machoni hivyo. Ukiinua nguzo kamera inabaki imesimama kwa mguu mmoja. Miguu ya vipande vitatu inatulia kuliko ya vinne, ila ya vinne inakunjika fupi na kama wewe ni mtu wa boda utashukuru.

Kichwa: picha za kawaida chukua cha boli (tufe linalozunguka kila upande), kinafungwa na skrubu moja na ni haraka. Video ya kufuata bibi harusi akitembea inataka kichwa cha video chenye mafuta ndani na mkono wa kuzungushia, cha boli kitarukaruka tu. Pleti, kile kibati kinachofungwa chini ya kamera, ikiwa ya mtindo wa Arca-Swiss ni rahisi kupata ingine ikipotea.

Nenda dukani na kamera yako, tafadhali, usijaribu na mikono mitupu. Funga lenzi ndefu, lenga kitu cha mbali, kaza boli alafu achilia: lenzi ikishuka polepole, hicho kichwa kiache. Zumu kwa skrini, gonga lenzi na kidole, uone picha inachukua muda gani kutulia. Kandamiza juu na kiganja, mguu ukiteleza kuingia ndani, loki ni mbaya.

Na kama unachotaka ni wanyama wa Lake Nakuru, usinunue tripodi, pesa yako ibaki mfukoni. Ndani ya mbuga hutoki kwa gari ila sehemu zilizoruhusiwa kama Baboon Cliff, na tripodi haifunguki vizuri kwa kiti. Shona kamfuko ka kitambaa kigumu, jaza maharagwe, weka kwa dirisha, zima injini, lenzi ilale hapo juu.

Ukinunua ya mitumba fungua kila loki, vuta kila kipande polepole ukisikiliza, mchanga wa ufuoni ukikwaruza mle ndani mwambie apunguze bei ama aifungue aisafishe mkiwa hapo wote wawili.