Western Breach: mambo ya kupanga ukiwa bado Moshi

Njia ya Western Breach inampeleka mpandaji kutoka upande wa Lava Tower, mwamba mrefu wenye kambi chini yake, moja kwa moja hadi ukingo wa kreta ya Kibo. Kati ya njia zinazotumiwa na wageni kwenye Kilimanjaro, hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya mawe. Januari 2006 maporomoko ya mawe juu ya kambi ya Arrow Glacier yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Ukuta bado ni uleule, na barafu inaendelea kupungua.

Barafu ndiyo saruji inayoshika mawe ya upande huu. Mchana maji ya barafu iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa. Usiku yanaganda, yanavimba kwa takriban asilimia 9, na jiwe linasukumwa kidogo kutoka mahali pake. Linabaki limegandia hapo hadi jua liipashe moto ile barafu. Ukuta unatazama magharibi, kwa hiyo unakaa kivulini muda mrefu baada ya Moshi kupambazuka, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Jua hugusa kwanza sehemu za juu karibu na ukingo. Wewe uko chini, bado baridi, bado gizani nusu, unaona kama muda upo, kumbe mawe ya juu yako yameshaanza kulegea.

Ndiyo maana ratiba nzima ya safari tunaipanga kwa kurudi nyuma kutoka wakati mmoja tu: saa 2 asubuhi. Kufikia hapo kila mtu awe amekwisha kupita makorongo ya chini yanayopitisha mawe. Ukilala Arrow Glacier (kama mita 4,870), ondoka saa 10 alfajiri, chai iwe imeshanywewa na mabegi yamefungwa tangu jioni. Ukilala Lava Tower (kama mita 4,600) ondoka mapema zaidi, kwa saa moja na nusu. Faida ya Lava Tower ni kwamba hulali chini ya ukuta wenyewe. Hasara yake ni usiku mfupi. Kama mnalala Arrow Glacier, msipige hema kwenye mdomo wa korongo wala penye mawe yenye kingo kali na rangi mpya, maana hayo yameanguka karibuni. Kuwahi kunapunguza hatari lakini hakuiondoi: jiwe linaweza kuanguka hata usiku, kwa upepo au kwa mguu wa mtu aliye juu yako.

Kasi hiyo haiwezekani kwa mwili ambao haujazoea mwinuko, kwa hiyo hesabu ya pili ni ya siku. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Chukua njia ya Lemosho: kutoka kambi ya Shira 2 (3,850) kwenda kulala Lava Tower ni kuruka mita 750, nyingi mno. Weka usiku mmoja kambi ya Moir katikati, kwenye mita 4,100 na ushee, na hesabu inakaa sawa: Shira 2, Moir, Lava Tower, Arrow Glacier. Njia ya Umbwe inafika haraka mahali palepale na inavutia kwa bei kwa sababu siku ni chache. Kwa Western Breach hatuishauri kwa mtu anayetoka Arusha au Dar moja kwa moja.

Kuna suala la kulala ndani ya kreta, kwenye kambi ya mita 5,730. Picha za Furtwängler, barafu iliyobaki ndani ya kreta, asubuhi ni nzuri kweli, lakini kutoka Arrow Glacier ni mita 860 kwa usiku mmoja. Isitoshe, mgonjwa aliyeko kreta hana njia rahisi ya kushuka. Ili ateremke kwa njia ya kushukia ya Mweka ni lazima kwanza apande hadi Stella Point ukingoni mwa kreta (5,756), na njia nyingine ni kurudi kwenye ukuta wa mawe mchana. Machela yenye gurudumu haina kazi pale. Sisi tungepita siku hiyohiyo: kreta, Uhuru (5,895), kisha kushuka hadi kambi ya Barafu au chini zaidi. Ni siku ndefu, kwani ukuta peke yake unakula saa 5 hadi 7, lakini usiku unalala kwenye hewa nzito zaidi.

Mpango huo unawasaidia pia wapagazi. Mahema makubwa, jiko na vyakula vizunguke kwa kambi za Barranco na Karanga hadi Barafu, na watu wachache tu wapite ukutani. Anayepita ukutani abebe mgongoni, asibebe kichwani, kwa sababu mikono inahitajika kwenye mwamba. Mizani ya getini inaruhusu kilo 20. Kwa ukuta huu shusheni hadi 15 au chini. Na helmeti ni kwa kila mtu, mpishi na mpagazi pia. Kampuni ikikuambia helmeti ni za wageni tu, tafuta kampuni nyingine. Jaribu helmeti yako ukiwa umevaa kofia ya sufu ndani yake na mkanda wa kidevuni umekaza. Helmeti inayochezacheza haifai kitu.

Nguo za baridi zinapatikana kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni, Moshi, kwa bei ya mitumba, na koti la huko lililojazwa manyoya ya ndege linaweza kuwa zuri kuliko la kukodi. Buti usinunue wiki ya safari. Betri za taa ya kichwani zilale nawe ndani ya begi la kulalia, maana baridi inazimaliza, na ubebe seti ya pili. Maji lita 3, kwenye chupa na sio kwenye mfuko wa mpira, kwa sababu mrija wake unaganda kabla jua halijatoka. Chupa uigeuze kichwa chini: maji huanza kugandia juu, kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Theluji ikiwa imeanguka, utahitaji vyuma vya kuvaa chini ya buti. Kamba isiyo na mtu anayejua kuifunga ni uzito tu.

Kibali kitaje njia hii waziwazi, na kiongozi awe amewahi kuipita mwenyewe. Epukeni masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Kisha wekeni Lava Tower kuwa mahali pa uamuzi, kwa sababu pale bado mnaweza kuteremka Barranco bila kupoteza kilele: Karanga, Barafu, Stella Point, Uhuru. Mambo ya kuwageuza yaandikwe mapema, kabla hamu ya kilele haijaanza kubishana. Theluji mpya inayofunika vikanyagio. Mawe yaliyosikika yakianguka jioni ile. Mtu mmoja mwenye kichwa kinachouma na kutapika. Mtu anayeshindwa kutembea hatua kumi kisigino mbele ya kidole kwenye mstari mnyoofu. Huyo ubongo wake unavimba, anashuka usiku huohuo, hasubiri asubuhi. Oksimita, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, isaidie tu, maana kwenye kidole cha baridi inadanganya. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko (kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda), uizungumze na daktari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Mtungi wa oksijeni upite ukutani pamoja na wapandaji. Mtungi huo usipitishwe Barranco pamoja na jiko.

Ukutani kila mmoja ajue haya tangu Moshi: msipumzike ndani ya korongo, msikae mmoja chini ya mwingine, anayeangusha jiwe apige kelele "Jiwe!", na anayesikia asitazame juu bali ajibane kwenye mwamba.

Mtandao upande wa magharibi usiutegemee. Kila kundi liwe na redio, lile la ukutani na lile linalozunguka, na zijaribiwe kabla ya kuachana Lava Tower. Ofisini Moshi mwachie mtu karatasi yenye majina, aina ya damu na mzio wa kila mmoja, kambi ya kila usiku, na saa ambayo asiposikia kwamba mmefika Stella Point, aanze kuwapigia askari wa hifadhi. Saa hiyo iwe ya mchana, kabla giza halijafunga njia ya kuwafikia.