Zawadi za Kuwashukuru Waalikwa wa Harusi: Kupima, Kufungasha na Kugawa, kwa Kamati za Dodoma

Kabla hamjaenda sokoni, shikeni orodha ya kadi. Zawadi ya mgeni huhesabiwa kwa kadi, si kwa vichwa. Kadi 150, tuseme 100 za double na 50 za single, ni watu 250. Mke na mume wakipewa pakiti mbili za kitu kilekile, moja huachwa mezani. Andaeni 150, ongezeni asilimia 10 kwa ajili ya wapishi, MC, wapambaji na mpiga picha, jumla 165. Fedha inayobaki ijaze pakiti. Pakiti moja ya gramu 100 ina heshima kuliko mbili za gramu 30.

Vikombe na sahani zenye picha za maharusi hatuzishauri. Mgeni anaona haya kunywea chai uso wa mtoto wa jirani, na kuvitupa pia anaona vibaya, basi vinakaa kabatini. Toeni kinacholiwa, tena kilichotoka ardhi ya kwetu: karanga, asali, ubuyu. Majina ya maharusi yakae kwenye lebo.

Karanga ndizo rahisi kupata, pale Majengo au soko lolote la mjini, lakini ndizo zinazohitaji macho zaidi. Kwa pakiti 165 za gramu 100 mnahitaji kilo 16.5 zilizokwisha kukaangwa, kwa hiyo nunueni kilo 20 mbichi, maana kuchambua na kukaanga vyote vinapunguza uzito. Mwagieni kwenye ungo, mahali penye mwanga. Toeni kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu au yenye ukungu, kisha pasueni chache katikati, kwa sababu ukungu mara nyingine hujificha ndani. Hili si la urembo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu uleule. Moto wa kikaango hauiondoi sumu hiyo, na hata mzigo uliochambuliwa haujathibitishwa kuwa salama kwa macho tu. Gunia lenye harufu ya uvundo liacheni lote, hata likiwa la bei nafuu.

Kaangeni mafungu madogo, moto wa wastani, mkigeuza bila kuacha. Ganda jekundu likianza kuchubuka kwa kidole, epueni hapo hapo, kwani karanga huendelea kuiva kwa joto lake. Zitandazeni kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, kwa muda wa saa tatu au nne. Zikifungwa na uvuguvugu, mvuke hugeuka maji ndani ya pakiti, na siku ya harusi mgeni anatafuna karanga laini kama za kuchemsha. Fanyeni kazi hii siku tatu au nne kabla ya sherehe, si wiki tatu, kwa sababu mafuta yake huchacha.

Mfuko wa khaki peke yake haufai: mafuta hupenya na kuchora doa juu ya majina ya maharusi. Wekeni karanga kwanza kwenye pakiti angavu ya chakula iliyozibwa kwa moto, ndipo iingie kwenye khaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo msiongeze mfuko wa mshikio juu yake.

Asali ya Manyoni, Itigi au Kondoa ina hadhi zaidi, ila hapa kamati nyingi hukosea hesabu. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Vichupa 165 vya mililita 100 vinakula lita 16.5, kwa hiyo ndoo moja iliyojaa ya lita 20 inatosha, pamoja na ile inayobaki imenata. Mkiuziwa kilo 20 mkidhani ni lita 20, mna lita 14 na ushee, na vichupa vitaishia kwenye 140. Vichupa vikauke kabisa kabla ya kujazwa, kwani maji kidogo tu huichachusha asali. Baridi ya Juni na Julai huigandisha; hiyo si dalili ya sukari ya kuongezwa. Loweka chombo kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, msichemshe. Kwenye lebo andikeni kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, na kwa karanga andikeni wazi kuwa ni karanga, maana wapo wanaodhurika nazo.

Ubuyu mwekundu ni mtamu, ila rangi yake huhamia kwenye vidole, na vidole huhamia kwenye gauni. Ukitolewa, utolewe mlangoni tu, wageni wakitoka. Zabibu mbichi huvuja na kuchacha ndani ya boksi. Za kukausha zinafaa, gramu 50 zinatosha.

Lebo chapisheni moja kwanza, ibandikeni, mwisugue kwa kidole chenye maji. Wino ukitambaa, ombeni printa ya leza.

Msizipange mezani mapema. Watoto hukusanya za meza nzima, na anayechelewa hukuta kitambaa kitupu. Pangeni maboksi matano ya pakiti 33, yafunikwe vizuri, hasa Agosti upepo unapobeba vumbi, na yakae mbali na majiko. Mlangoni simamisheni watu wawili, mmoja upande wa bibi harusi na mmoja upande wa bwana harusi, ili pasiwe na ukoo wa kulalamika kwamba wao wamerukwa. Wazazi, wazee na wageni wa meza kuu wapelekewe walipoketi, kwa mikono miwili, kabla mlango haujaanza kugawa. Boksi la tano lisifunguliwe mpaka wapishi na wapambaji wamalize kukunja vitu vyao, kwa sababu wao ndio hutoka mwisho.